Namna ya Kuasili Mtoto Bila Kusumbuliwa Naye

Hongera. Umeamua kumchukua mtoto usiyemzaa, umlee. Usinieleze sababu, sababu tutazipanga pamoja afisa ustawi wa jamii akikaribia kupiga hodi. Kwa sasa shika jambo moja ambalo wenzako huchelewa kulielewa: sifa ya kulea huja kabla ya kulea. Mtu akitamka tu kwamba anafikiria kuasili, tayari macho ya wasikilizaji yanalowa. Kazi yenyewe ikianza, hakuna anayeangalia. Mwenye akili hukaa kwenye sehemu ile ya kwanza kadiri awezavyo.

Nimeshawaelekeza wengi, na hakuna mzazi hata mmoja aliyerudi kunilaumu. Watoto sijawauliza.

1. Tangaza kwanza, fikiri baadaye

Anza na kundi la WhatsApp la ukoo. Usiandike "tunaomba ushauri", maana watakupa. Andika, "Mungu ameweka jambo zito mioyoni mwetu," kisha nyamaza mpaka jioni. Waache wahangaike. Shangazi ataanza kufunga na kusali, binamu atadhani umepata kazi Qatar. Ukiona simu zinagongana, hapo ndipo uimwage habari yenyewe.

Jumamosi inayofuata nenda kwenye kituo cha watoto. Beba mchele, mafuta ya kula, sabuni za mche, katoni ya biskuti, na rafiki mwenye simu ya kamera nzuri. Mpangilio ni huu: mchele mbele, watoto katikati, wewe nyuma umeinama kidogo, mkono begani kwa aliye mdogo kuliko wote. Usipoteze muda kumuuliza jina. Kwenye picha majina hayaonekani. Na usijilinganishe na Madonna. Yule alipokwenda kumchukua David Banda huko Malawi mwaka 2006, waandishi wa dunia nzima walimfuata wenyewe. Wewe itabidi wa kwako umlipie nauli na soda.

2. Chagua mlango

Tanzania Bara milango rasmi ni miwili. Malezi ya kambo ni ya muda: mtoto anakaa kwako, ustawi wa jamii wanakuja kumwangalia, na kwao kukitengemaa anarudi. Kuasili ni moja kwa moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakupeleka hadi Mahakama Kuu, na ukitoka huko na amri mkononi, huyo ni mwanao kwa kila kitu, ikiwamo homa ya usiku wa manane na mgawo wa mali yako.

Ushauri wangu: mdomoni uwe umeasili, moyoni uwe wa kambo. Watu wakusifu kwa uzito wa jambo la kwanza, na siku akivunja televisheni uwe na pa kumrudisha.

Kwa Mwislamu kuna kafala, ambayo Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa watu wameiishi vizazi na vizazi bila kuiita kwa jina, na ambayo Kenya imeitambua waziwazi katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Hapa mtoto unamlea kwa kila hali, lakini anabaki na nasaba ya babake, kama ilivyoamriwa katika Suratul-Ahzab katika habari ya Zaid bin Haritha, mtoto wa kulea wa Mtume. Kwa mtafuta njia ya mkato huu ni mlango mzuri sana, ukijua pa kukariri na pa kuruka. Kariri kwamba yeye si mrithi wako. Ruka mlango wa wasia, unaokuruhusu kumwachia mtu asiye mrithi hadi theluthi ya mali yako. Aya za Suratun-Nisaa zinazohusu mali ya yatima zipitie upesi, hasa kama babake aliacha kiwanja.

3. Yale usiyoweza kuyapinda

Machache tu. Mwombaji asiye ndugu wa mtoto awe na umri usiopungua miaka 25, na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Usihangaike kupunguza wala kuongeza; NIDA, watu wa vitambulisho vya taifa, wanayo tarehe yako ya kuzaliwa. Mwanamume asiye na mke, sheria inamtazama kwa jicho la pembeni na kumtaka aoneshe sababu za pekee. Pesa haziruhusiwi kupita mkono kwa mkono kwa ajili ya kumpata mtoto. Na kama mmeoana, mwenzako lazima aridhie.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Njia inayofanya kazi ni kumwambia mume asubuhi ya siku ya kusaini, mkiwa mmeshavaa, na mama yake akiwa ameshapongeza kwenye lile kundi la WhatsApp. Hakuna mwanamume wa Kiafrika atakayekataa yatima mbele ya mama yake.

4. Siku ya ukaguzi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo vuta kiti tuzungumze.

Afisa wa halmashauri atakuja nyumbani. Ataangalia mtoto atalala wapi, maji yanatoka wapi, kipato kinatosheleza nini, afya zenu zikoje, ndoa ina hali gani. Atazungumza na wadhamini wako, atapita kwa mwenyekiti wa mtaa, pengine na kwa jirani usiyesalimiana naye. Kisha ataandika taarifa itakayokutangulia kila utakakokwenda. Huo ndio mtihani wako. Mtoto bado hayumo kwenye hadithi, na hiyo ndiyo raha ya hatua hii.

Tuanze na chumba. Godoro azima. Liwe na nailoni yake bado, afisa aone ni jipya. Chandarua kining'inie, hata kama nyumba nzima mnalala bila. Vitabu vya hadithi vitano au sita, lakini vikunje kurasa kidogo, visionekane vimetoka dukani leo asubuhi. Bango la herufi libandike chini, usawa wa macho ya mtoto. Ukilibandika juu, usawa wa macho ya mtu mzima, afisa atajua limebandikwa kwa ajili yake.

Friji ijae matunda. Bia zihamishie kwa jirani yuleyule aliyekuazima godoro.

Watoto wako wa kuwazaa wafundishe kusema, "Tunamsubiri mdogo wetu kwa hamu." Kitinda mimba usimfundishe chochote, mpeleke kwa bibi yake siku hiyo. Atasema ukweli, na hutakuwa na namna ya kumkonyeza.

Sasa dada wa kazi. Huyu ndiye aliyewaangusha watu wenye nyumba za ghorofa na magari mawili. Afisa mzoefu hakai sana sebuleni. Ataomba maji ya kunywa, kisha badala ya kuyasubiri atayafuata mwenyewe jikoni, na huko atamkuta binti wa miaka kumi na saba ameinamia sufuria. Atamuuliza kwa upole analala wapi. Atamuuliza lini alizungumza na mama yake. Atatega sikio asikie unamwitaje, na atamtazama binti anavyoitika, kama anaitika au anashtuka. Swali lake ni moja: utamlea vipi mtoto wa mwenzio? Na mtoto wa mwenzio mmoja tayari yumo humo ndani, tena kwa mshahara unaochelewa. Kwa hiyo mpe likizo. Mpe na nauli, najua inauma.

Mkishakaa, utaulizwa kwa nini mnataka mtoto. Majibu yafuatayo mara nyingi ndiyo ya kweli, kwa hiyo usiyatoe: nyumba imepooza, mume ameanza kuchelewa kurudi, mawifi wamenichoka, nataka wa kunizika, binti yetu wa pekee anahitaji mtu wa kucheza naye, nimeambiwa ukimlea mtoto wa mwenzio kizazi kinafunguka. Hili la kizazi linabeba watu wengi kuliko wanavyokiri, na ndiyo maana maafisa wanalijua. Mtoto anayechukuliwa ili aje mwingine atajikuta hana kazi tena siku yule mwingine akizaliwa. Lakini hayo ni ya afisa. Wewe sema, "Tunataka kumpa mtoto familia." Kabla ya kusema, mtazame mwenzako kidogo. Ukimaliza, tazama chini.

Na akiuliza, "Je, akiwa na ulemavu? Akiwa na selimundu?" jibu bila kusita: tutampokea kama alivyo. Halafu twende hatua ya tano.

5. Agiza vizuri

Utaulizwa ungependa mtoto wa umri gani na jinsia gani. Usione aibu, hapa ndipo pa kuagiza. Awe wa kike, maana wa kiume baadaye atauliza habari za shamba. Miezi isiyozidi sita, asije na kumbukumbu zake. Maji ya kunde. Afya tele, cheti kioneshe. Afanane na wewe, hasa pua, usije ukaulizwa maswali kwenye daladala. Na asiwe na ndugu.

Hilo la ndugu litakukwamisha, nikuandae. Watu wengi huingia kwenye vituo wakidhani kila mtoto aliyemo amefiwa na wote. Ukweli ni kwamba wengi wana mzazi au ndugu aliye hai mahali fulani. Kilichowaleta pale ni umaskini, ugonjwa, ugomvi wa nyumbani, au mama aliyezidiwa akakosa wa kumsaidia. Kazi ya kwanza ya ustawi wa jamii ni kumtafuta huyo ndugu. Wewe na pua yako mnakuja mwisho kabisa, baada ya njia za kumrudisha kwao kushindikana. Ndiyo sababu jambo linachukua muda, na ndiyo sababu utasikia watu wakilalamika kwamba "vituo vimejaa watoto halafu wanatunyima". Jiunge nao kulalamika. Inapendeza kuwa na hasira ya haki.

Wakikuambia mtoto uliyempenda ana kaka na dada kwenye kitanda cha pili na cha tatu, na wasingependa watenganishwe, sema umeguswa na yule mdogo tu. Wakubwa watazoea.

Mtoto wa miaka saba, minane, mwepuke kabisa. Huyo anakumbuka jina la mama yake. Anajua kituo alichoshukia na rangi ya basi. Amejua pia, kwa kuona wageni wakija na mchele na kuondoka na picha, kwamba mtu akikuwekea mkono begani haina maana atarudi. Mtoto wa namna hiyo ana macho yanayokuchunguza wewe, na hatukuja huku kuchunguzwa mara mbili.

6. Njia za panya

Kuna nesi anayefahamiana na shemeji yako. Kuna vitambaa vya kufunga tumboni, vinaongezwa kila mwezi hadi wa tisa, kisha "unajifungulia mkoani". Njia hii sikufundishi. Si kwamba nimeokoka, ila Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008 ina vifungo vya kweli, na gerezani huwezi kupakia picha.

Njia tamu, isiyodai afisa, jaji wala godoro la kuazima, ni ya kijijini.

Nenda kabla ya mavuno, au mara baada ya msiba, wakati ghala ni tupu. Kwa dada yako au binamu yako hakukosekani binti wa miaka kumi, kumi na moja, mwepesi wa mikono. Sema neno moja tu: "Nitamsomesha." Hakuna mzazi aliyewahi kulishinda neno hilo. Jioni ileile mtoto atakuwa kwenye basi na kiroba chake, mama yake anapunga mkono akilia kwa furaha, na wewe umepata sifa na mfanyakazi kwa nauli moja.

Mjini, mzoeshe taratibu. Wiki ya kwanza aoshe kikombe chake mwenyewe; kila mtoto anapaswa kujifunza. Wiki ya pili avioshe na vya wenzake, kwa kuwa ameshafika kwenye sinki. Mwezi ukiisha anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anachemsha chai, anaamsha wanao, anawavalisha sare, anawasindikiza mpaka kwenye basi la shule na kurudi kufua. Hakuna siku hata moja utakayokuwa umemwajiri. Ndiyo uzuri wa undugu, hauna mkataba wala siku ya mapumziko. Yule dada wa likizo unaweza sasa kumwongezea likizo.

Shule ndiyo itakayokusumbua. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada mpaka kidato cha nne, kwa hiyo kisingizio cha ada, kilichotutumikia miaka mingi, kimekufa. Tumia "uhamisho bado haujatoka". Ukichoka nao, kuna "Kiingereza chake kiko nyuma, anajiandaa kwanza". Mwaka wa pili hakuna atakayeuliza.

Wageni wakimwona, ni mwanao. Mwalimu akimuulizia, ni mtoto wa dada aliyekuja kutembea. Mama yake akipiga simu, ishike wewe, weka spika, simama karibu. Msemo wa kufungia ni, "Anaendelea vizuri, ila ni mvivu kidogo."

7. Kikao cha ukoo

Kama umeng'ang'ania njia ya sheria, kikao hukikwepi. Mawifi watasema damu ni damu. Mzee mmoja atauliza mizimu ya kwao ni ya wapi, na kama kuna ugonjwa wa kifafa au wa akili. Mama mkwe atanyamaza, na hiyo ni mbaya zaidi.

Swali lenyewe litakuja mwishoni, watu wakishaanza kutafuta viatu: na urithi? Baba wadogo wanajua, au wamesikia, kwamba kisheria mtoto aliyeasiliwa anarithi sawa na wa kuzaliwa. Wanajua na nyumba ya Kigamboni iko kwa jina la nani. Usibishane. Waahidi baba wadogo kwamba yule ni wa kusaidiwa tu. Mwahidi mtoto kwamba kila kitu ni chake. Wosia usiandike. Siku ya arobaini watapambana wenyewe, na wewe hutakuwepo kuulizwa.

8. Akishafika

Wiki za mwanzo utafikiri umeotea. Mtoto hasumbui. Anakula akiambiwa, anainuka akiambiwa, anasema shikamoo hadi kwa fundi bomba. Mpige picha sana kipindi hiki.

Anachofanya ni kukaa kigeni, kwa sababu bado hajaamini kuwa amefika. Akianza kuamini kidogo, ndipo vituko vinaanza. Atakojoa kitandani, hata kama ameshavuka umri huo. Atadondoka, goti litoke damu, asilie, maana alikotoka kilio hakikuita mtu. Atamng'ang'ania mgeni asiyemjua na kumwita mama, wewe ukiwa umesimama palepale. Na siku ukigeuza godoro utakuta vipande vya chapati, vimekauka, vimepangwa vizuri upande wa ukutani.

Walezi wanaojua kazi hii hufanya ajabu: humwekea mtoto kikapu cha chakula mahali anapokifikia, wakamwambia hiki ni chako na hakitaisha, wakarudia hivyo miezi mingi mpaka chini ya godoro pakawa patupu. Ni njia ya polepole mno na haina watazamaji. Ya kwetu ni ya haraka. Mwite sebuleni wageni wakiwepo, onyesha zile chapati, sema, "Nyumbani kwangu hatulei wezi." Shuka la mkojo lianikwe uwani mbele, wenzake walione.

Mtambulishe kwa usahihi: "Huyu ni wa kwangu, yule wa pili pia, na huyu tulimchukua." Sikukuu ikifika, nguo mpya ni za wawili, ya wa tatu ipo, ilikuwa ya mkubwa mwaka jana, bado nzuri kabisa. Kuku akikatwa, kila mtu anajua kipapatio ni cha nani.

Shukrani idai mapema. Mtoto wa kuzaa huwa hadaiwi. Hakuna anayemwambia mwanawe wa tumboni "kumbuka nilivyokutoa mbali". Huyu adaiwe kila mwezi, mambo yasije yakasahaulika.

Na akiba yako kubwa ni sentensi hii: "Nitakurudisha ulikotoka." Ni fupi, haina gharama, na inatosha kuitamka mara moja. Kuanzia hapo huna haja ya kuirudia. Atakuwa anajirudia nayo mwenyewe usiku.

9. Habari ya asili yake

Sheria imewaachia wazazi walioasili wenyewe kumwambia mtoto kwamba aliasiliwa, na imewakataza wengine kumpasulia. Wanaofanya vizuri huanza mapema, kwa maneno madogo madogo yanayolingana na akili yake, hata ikawa habari aliyokua nayo. Inachosha. Mtoto anauliza, anasahau, anauliza tena, siku nyingine anauliza mbele ya padri.

Wewe nyamaza tu. Kuna watu wataifanya kazi hiyo bure: jirani kwenye foleni ya bomba, wifi aliyelewa harusini, mtoto mwenzake siku ya kugombania mpira. Atarudi nyumbani na swali moja, na umri wa miaka kumi na tano. Jifanye hujasikia, ongeza sauti ya televisheni. Ile ambayo bado haijavunjwa.

10. Mahakamani

Kabla ya kufika hapa utakuwa umekaa na mtoto kwa miezi ya majaribio, afisa akija na kurudi. Mahakama inaweza ikakupa amri ya muda kwanza, iwaangalie zaidi. Siku ya shauri vaa kwa heshima, si kwa kung'aa. Jaji atatazama taarifa, ridhaa za wanaohusika na masilahi ya mtoto, na kama mtoto amefikia umri wa kujieleza atataka kumsikia mwenyewe.

Hapo mimi sina mbinu. Godoro unaweza kuazima, dada wa kazi unaweza kumpa likizo, mawifi unaweza kuwafunga mdomo kwa pilau. Lakini mtoto akiulizwa na mtu mzima mpole, "Unapenda kukaa na hawa?" atakutazama kwanza kabla ya kujibu, na jaji atakuwa anaangalia namna anavyokutazama.

Amri ikitoka, itaandikishwa RITA, ofisi ya vizazi na vifo. Kuanzia hapo hakuna afisa atakayekuja tena kukagua chandarua. Homa, shule, jeuri ya ujana, mahari, mirathi, vyote ni vyako, na ndugu wa WhatsApp watakuwa wameshahamia kwenye habari nyingine.

Kama ukisoma orodha hiyo moyo unasita, bado una nafasi. Andika barua ya kuondoa maombi, ipeleke kwa afisa yuleyule saa za kazi, usimweleze mengi. Ana mafaili mengine mezani, na kwenye mojawapo kuna watu ambao hawajatangaza popote. Mpe muda awafikie.